Garimoshi dogo la mvuke litembee polepole bila kukwama: mwongozo wa kuanzia relini hadi kwenye namba za dikoda

Unapandisha mwendo daraja la kwanza kwenye kontrola: kimya. Daraja la pili: kimya. Ukifika la tano, garimoshi linaruka kama mbuzi aliyechomwa na mwiba, linakwenda sentimita ishirini, taa zinapepesa, linazima. Ukiligusa kwa kidole linaendelea, kisha likifika kwenye swichi ya reli, pale njia zinapogawanyika, linakufa kabisa. Wengi wakifika hapo hufungua menyu ya dikoda, kile kifaa cha kielektroniki kilicho ndani ya garimoshi kinachopokea amri za kontrola, na kuanza kubadilisha namba. Wanabadilisha jioni nzima, na kesho yake garimoshi ni lile lile.

Nimeendesha modeli za magarimoshi za kipimo cha OO (1:76 ya ukubwa halisi) hapa Nakuru kwa miaka kadhaa, na ninalosema hapa nimeliona mara nyingi mezani kwangu. Dikoda haiponyi chuma kinachokwaruza, wala haiponyi gurudumu lisilopata umeme. Inapokea umeme kutoka relini na kuupeleka kwenye mota kwa kipimo, basi. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: reli, magurudumu, vyuma vya pembeni, mafuta, umeme wa akiba, na namba mwisho kabisa.

Garimoshi la mvuke lina taabu yake ambayo dizeli ya modeli haina. Dizeli huchota umeme kwa magurudumu manane au kumi na mawili, na yamefungwa kwenye bogi mbili, yaani vigari vya magurudumu vilivyo chini yake, zinazojipinda zenyewe kufuata reli. Garimoshi la mvuke la muundo wa 0-6-0 lina magurudumu sita tu, yamekaa kwenye fremu ngumu isiyopinda, na yameunganishwa kwa fito za pembeni ambazo lazima zikubaliane kila mzunguko. Gurudumu moja likiinuka nusu milimita, au ufito mmoja ukikaza, mwendo wote unaharibika.

Na hapa kwetu kuna vumbi. Wazee husema jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi. Kuanzia Januari hadi mvua za Machi, vumbi hilo huingia ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Wenzetu wa Kisumu wana unyevu wa ziwa, ambao hugeuza vumbi hilo kuwa utando mweusi juu ya reli. Kote kuwili, usafi si jambo la mara moja kwa mwaka.

Vifaa

Huhitaji karakana. Tafuta malitimita ya kawaida, pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, bisibisi ndogo kama zile za kufungulia simu, kibano, mswaki wa zamani, vijiti vya pamba, chaki, na kipande cha kioo cha dirisha chenye urefu wa sentimita thelathini hivi. Kwa kusafishia, nunua alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Mafundi wa simu wanaijua vizuri, wao huiita IPA, na watakuelekeza wanakoinunua. Usichukue spiriti ya vidonda kutoka duka la dawa bila kusoma chupa, kwa sababu nyingine imetiwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi. Mafuta hayo yakikauka relini, umerudi ulikotoka.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote: tafuta ugonjwa uko wapi

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote. Weka garimoshi kwenye reli iliyonyooka, mwendo wa chini kabisa linaoweza kuenda, na kila linaposita piga alama ya chaki kwenye mbao za reli. Rudia mara tatu. Kisha tazama alama zako.

Alama zikiangukia mahali pale pale kila safari, tatizo ni reli. Zikitawanyika ovyo bila mpangilio, tatizo ni uchafu wa magurudumu au vichota umeme. Zikija kwa umbali ulio sawa, pima umbali huo. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 24 huzunguka mara moja kila milimita 75. Ukipata alama kila milimita 75, tatizo liko kwenye gurudumu au fito. Na kama si kusita bali ni mtetemo wa haraka haraka usioweza kuuhesabu kwa macho, basi ni mota yenyewe au gia ya skrubu iliyo kwenye mhimili wa mota, kwa sababu hizo huzunguka makumi ya mara kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu.

Garimoshi langu la 0-6-0 lilinifundisha hayo. Nilikuwa nimeshasafisha kila kitu na bado lilikuwa linasita. Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikaweka tone moja kwenye ukingo wa gurudumu la katikati, upande wa kulia. Nikaliacha litambae, uso wangu ukiwa usawa wa meza. Tone lilipanda, likafika juu, na pale juu kabisa gurudumu likasimama kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha likaruka mbele. Mzunguko wa pili, pale pale. Wa tatu, pale pale.

Mjomba wangu alikuwa amekuja kututembelea siku hiyo. Alikuwa fayamani wa magarimoshi ya mvuke hapa Nakuru enzi za East African Railways. Alikuwa amekaa kando na chai yake, hata hatazami.

“Mpwa wangu, hilo linachechemea mguu wa kulia,” akasema.

“Umejuaje, mjomba, na hujaliangalia?”

“Fito zinalia upande ule. Zima hiyo feni usikilize.”

Nikaizima. Kweli, kulikuwa na mlio mdogo, tik, kisha kimya, kisha tik. Nilipofungua ufito wa kulia na kuutazama kwa lenzi, ndani ya tundu la pini ya katikati kulikuwa na kinyuzi cha chuma chembamba kuliko unywele, kilichobaki pale tundu lilipotobolewa kiwandani. Nikakikwangua kwa ncha ya sindano. Kazi ya dakika mbili, baada ya wiki tatu za kuhangaika na namba.

Hatua ya 1: Reli na nyaya zake

Katika DCC, mfumo wa kidijitali wa kuendesha magarimoshi madogo, umeme hauongezwi wala kupunguzwa relini ili kubadilisha mwendo. Reli ina umeme kamili wakati wote, takriban volti 14 hadi 16 kwa OO na HO (kipimo cha 1:87), na amri zimo ndani ya umeme huo huo. Umeme unageuka upande maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila mgeuko ndio herufi: kila nusu ikidumu mikrosekunde 58 ni moja, ikidumu mikrosekunde 100 au zaidi ni sufuri. Ndiyo maana uchafu unaouma kidogo kwenye mfumo wa zamani wa umeme wa moja kwa moja huuma sana hapa. Umeme ukikatika kwa muda mfupi, amri nayo inakatika, na dikoda yenye sauti huweza kuwaka upya kabisa kama redio iliyochomolewa.

Pima kwa malitimita, upande wa AC, karibu na kontrola, kisha pima mwisho wa mbali wa reli huku garimoshi likizunguka. Malitimita ya bei nafuu haisomi umeme wa namna hii kwa usahihi, lakini wewe unalinganisha tu namba mbili. Zikipishana kwa zaidi ya volti moja, usitegemee tena vile viungo vidogo vya chuma vinavyoshika vipande vya reli. Hulegea, huota kutu ya kijani, na kwa unyevu wa Kisumu haraka zaidi. Pitisha chini ya meza jozi ya nyaya nene. Waya wa 1.5 ambao fundi wa stima hutumia kwa taa za nyumba unatosha meza ya chumbani. Kisha toa vijiwaya vyembamba kutoka kwenye nyaya hizo hadi kila kipande cha reli, uvilehemu ubavuni, upande wa nje.

Sasa lililo muhimu kwa usalama. Chukua sarafu ya shilingi 10, iweke juu ya reli zote mbili mahali pa mbali kuliko pote. Kontrola lazima ikate umeme mara moja. Isipokata, nyaya zako ni nyembamba mno au viungo ni vibovu, na siku gari litakapoacha njia pale, umeme wote utapita kwenye magurudumu na dikoda hadi kitu kiungue. Rudia jaribio hili sehemu zote za meza.

Kusafisha reli: kitambaa cha pamba kilicholowa alkoholi kidogo, basi. Msasa usiuguse. Unang'arisha leo na kuacha mikwaruzo ambayo kesho itashika uchafu maradufu.

Hatua ya 2: Magurudumu na vichota umeme

Kata kipande cha karatasi ya jikoni, kilaze juu ya reli, kilowanishe kwa alkoholi. Pandisha nusu ya magurudumu juu ya karatasi na nusu ibaki kwenye reli safi. Shika garimoshi kwa vidole, ongeza mwendo: magurudumu yaliyo juu ya karatasi yatazunguka papo hapo na kuacha mistari miwili myeusi. Sogeza karatasi mahali pasafi, rudia hadi mistari isionekane. Geuza garimoshi, fanya upande wa pili. Tenda, lile behewa la makaa na maji linalofuata nyuma, usilisahau. Modeli nyingi za siku hizi huchota umeme kwa magurudumu ya tenda pia, na waya mwembamba kati yake na garimoshi ndio hukatika kwanza. Kama garimoshi lako lina ringi za mpira kwenye gurudumu, hizo zifute kwa kitambaa kikavu tu.

Nyuma ya kila gurudumu kuna ulimi mwembamba wa shaba nyeupe au nyekundu unaoligusa. Huo ndio unaochota umeme. Sukuma gurudumu kwa kidole upande wa kushoto hadi mwisho, kisha upande wa kulia hadi mwisho, ukitazama kwa tochi. Ulimi lazima uguse katika hali zote mbili. Ukiona mwanga kati yake na gurudumu, upinde kidogo kwa kibano, taratibu sana. Lakini usiukaze kupita kiasi, kwa kuwa unageuka breki. Kipimo changu ni kipande cha karatasi ya kuandikia: nikikiingiza kati ya ulimi na gurudumu kishikwe, nikikivuta kitoke bila kuchanika.

Wakati uko hapo, pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu ya ekseli moja. Kwa OO na HO iwe kama milimita 14.4 hadi 14.5. Ikiwa finyu, magurudumu yatapanda juu ya reli kwenye swichi, nawe utadhani ni umeme uliokatika.

Hatua ya 3: Fito na nyuzi (digrii) 90

Ondoa mota, au iachanishe na gia kama muundo unaruhusu. Sasa magurudumu yako huru. Weka kioo mezani, kiinue upande mmoja kwa kitabu, na uache garimoshi lishuke lenyewe. Lishuke kama maji, bila kusita. Ukihitaji mwinamo mkali ndipo liende, kuna kitu kinakaza.

Fungua fito za upande mmoja, jaribu. Zirudishe, fungua za upande wa pili, jaribu. Upande ambao ukiufungua garimoshi linakuwa jepesi, huko ndiko kwenye ugonjwa. Tazama kama ufito umepinda, ulaze juu ya kioo uone kama unakaa bapa. Tazama matundu. Tundu likibana, lipanue kwa tupa laini ya mviringo, mzunguko mmoja au miwili, jaribu, kisha tena. Ukipitisha, ufito utagongagonga na hakuna dawa isipokuwa kununua mwingine.

Kuna jambo moja la kuelewa. Kwenye garimoshi la kweli lenye silinda mbili, pini za upande wa kulia na za kushoto hukaa nyuzi 90 mbali. Sababu ni kwamba pistoni ikifika mwisho wa mwendo wake haina nguvu ya kusukuma, hivyo ile ya upande wa pili lazima iwe katikati ya safari. Kila silinda husukuma mara mbili kwa mzunguko, ndipo tunapata pumzi nne, cha-cha-cha-cha, kila gurudumu linapozunguka mara moja. Kwenye modeli mota ndiyo inayosukuma, kwa hiyo hata ikiwa nyuzi 88 au 92 hakuna neno. Kisichosameheka ni ekseli moja kuwa 90 na nyingine 87. Hapo fito zitavutana kila mzunguko. Gurudumu likiteleza kwenye ekseli yake, mara nyingi ni kwa sababu mtu alilishika kwa nguvu akilitoa relini. Ligeuze kidogo hadi fito zilegee, kisha ulishike kwa tone la gundi ya ekseli.

Rudisha mota. Ishike gia ya skrubu kwa kibano, isukume mbele na nyuma. Mchezo, yaani nafasi ya kusogea, wa robo milimita ni sawa. Ukizidi, garimoshi litatikisika likishuka mlima, likivutwa na kurudi, na hutaliona tatizo hilo kwenye meza tambarare. Ringi nyembamba ya plastiki, ile iitwayo washa, hulimaliza.

Hatua ya 4: Mafuta

Chovya ncha ya sindano kwenye mafuta mepesi yasiyoharibu plastiki. Kiasi kinachoning'inia kwenye ncha ndicho kipimo cha sehemu moja: kila mwisho wa ekseli, kila pini ya fito, kila mwisho wa mhimili wa mota. Meno ya gia yapate grisi nyeupe inayokubali plastiki, kidogo sana. Mafuta yakizidi hutiririka hadi kwenye magurudumu, kisha relini, na mabaya zaidi ni yakiingia kwenye brashi za mota. Mafuta ya kupikia usiyafikirie kabisa, huganda kama gundi.

Baada ya hapo lizungushe bila mabehewa, mwendo wa wastani, nusu saa mbele na nusu saa nyuma. Fanya hivyo hata kama ni jipya kutoka kwenye boksi. Brashi za mota zinahitaji kukaa mahali pake, na gia nazo.

Hatua ya 5: Dikoda na umeme wa akiba

Kama modeli yako ina soketi, iwe ya pini 8, 21 au Next18, kazi ni kuchomeka tu. Kama haina, fuata rangi zilizokubaliwa: nyekundu reli ya kulia, nyeusi reli ya kushoto, chungwa na kijivu mota, buluu ni chanya ya pamoja, nyeupe taa ya mbele, manjano taa ya nyuma. Pini zote mbili za mota zisiguse fremu wala reli kwa njia yoyote. Pima kwa malitimita kabla ya kuunganisha, kwa sababu kosa hili huua dikoda papo hapo. Angalia pia kama kuna kapasita ndogo zilizolehemewa kwenye mota kuzuia kelele za redio. Kwenye modeli za zamani hasa, hizo huivuruga dikoda inapojaribu kupima mwendo, na kuziondoa husaidia.

Umeme wa akiba ni kapasita inayochajiwa na reli na kuilisha dikoda magurudumu yanapokosa umeme. Hata sekunde moja inatosha kuvuka moyo wa plastiki wa swichi, pale reli zinapokatana. Kwa garimoshi fupi la magurudumu sita, ningesema hiki ndicho kifaa cha pekee kinachostahili pesa ya ziada. Lakini kiwekwe baada ya hatua zote za juu, kwa sababu kitaficha uchafu badala ya kuuondoa. Tumia kile kilichotengenezwa kwa dikoda yako, ukiunganishe pale karatasi ya maelezo inapoonyesha. Kwa kawaida ni waya wa buluu na nukta ya hasi iliyo kwenye dikoda yenyewe. Usikigeuze.

Ukishaweka akiba hiyo, kontrola huenda ikashindwa kusoma namba kwenye reli ya kuprogramia, kile kipande cha pekee cha kusomea na kuandikia namba, kwa kuwa kapasita inameza umeme wa kusomea. Andika namba garimoshi likiwa kwenye reli kuu.

Hatua ya 6: Namba

Sasa ndipo. Ndani ya dikoda kuna visanduku vya kumbukumbu vinavyoitwa CV, kila kimoja na kazi yake. Vile vya msingi vimewekwa na NMRA, chama cha wapenda reli ndogo cha Marekani, hivyo vinafanana kwenye dikoda za watengenezaji wote. Chukua daftari, andika kila namba kabla ya kuibadilisha.

Anza upya: andika 8 ndani ya CV8. Kwenye dikoda nyingi hiyo hurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, na anwani hurudi 3.

CV29 ni kisanduku cha tabia. Mara nyingi utakikuta na 6, maana yake dikoda inakubali madaraja 28 au 128 na pia inakubali kuendeshwa kwa umeme wa kawaida usio wa kidijitali. Huo wa pili uzime, hasa ukiwa na umeme wa akiba, kwa sababu dikoda ikichanganyikiwa kuhusu aina ya umeme huweza kulikimbiza garimoshi kwa kasi kamili. Andika 2. Kama unatumia anwani ndefu, iwe 34 badala ya 38. Kisha chagua madaraja 128 kwenye kontrola.

Dikoda nzuri huijua mota kwa kusikiliza. Inaukata umeme kwa muda mdogo sana, inapima volti ambazo mota yenyewe inazalisha ikiendelea kuzunguka, na kwa hizo inajua mwendo halisi, kisha inaongeza au kupunguza. Baadhi ya dikoda zinajipima zenyewe. Kwenye LokSound, dikoda za sauti za kampuni ya ESU, kwa mfano, andika 0 ndani ya CV54, hakikisha mbele ya garimoshi kuna reli ndefu iliyo wazi, kisha bonyeza kitufe cha F1. Litachomoka kwa kasi kwa takriban sekunde moja na nusu na kusimama, tayari limejipima. Fanya hivi baada ya mafuta na mzunguko wa nusu saa, kamwe si kabla, maana litajipima likiwa limekaza na utalibeba kosa hilo.

CV2 ni nguvu ya daraja la kwanza. Weka daraja 1 kwenye kontrola, kisha ongeza CV2 moja moja hadi magurudumu yaanze tu kuzunguka. Simama hapo. Kipimo: chora mita moja relini, tazama saa. Kwa OO, ambayo ni 1:76, garimoshi likimaliza mita moja kwa dakika nzima linakwenda kama kilomita 4.6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Ukilifikisha hapo bila kusita, umefanya kazi kubwa.

CV5 ni kasi ya juu. Usiliache lipae. Mita moja kwa sekunde 4.6 ni kilomita 60 kwa saa kwa OO. Kwa HO ni sekunde 5.2. Punguza CV5 hadi upate kasi unayoitaka, ili madaraja yote 128 yagawanywe ndani ya mwendo unaoutumia kweli. CV6 ni katikati. Iweke chini kidogo ya nusu ya CV5 ili upate uangalifu zaidi kwenye mwendo wa polepole. Maana ya namba hizi mbili hutofautiana kidogo kwa dikoda, soma karatasi yako.

CV3 na CV4 ni uzito wa kuondoka na wa kusimama. Zidisha namba kwa 0.9 upate takriban sekunde kutoka kusimama hadi kasi kamili: CV3 ikiwa 20, ni kama sekunde 18. Hizi ziweke 0 unapopima mengine yote. Wengi huzipandisha mapema, garimoshi linaonekana kutulia, kumbe kusita kumefunikwa tu.

Sauti, kama unayo, ipatanishe mwisho. Hesabu pumzi nne kwa kila mzunguko wa lile tone la rangi ya kucha.

Hatua ya 7: Mlima

Reli ya Nakuru hadi Kisumu, iliyofika ziwani mwezi Desemba 1901, hutoka hapa kwenye kimo cha mita 1,850 hivi, hupanda hadi zaidi ya mita 2,500 pale Mau, kisha hushuka Londiani, Fort Ternan na Muhoroni hadi karibu mita 1,130. Ndiyo maana mezani kwangu kuna mwinamo, sentimita 2 kwa kila mita. Mpe garimoshi mabehewa manne, lipandishe kwa daraja la 10. Magurudumu yakiteleza, ongeza uzito wa madini ya risasi juu ya ekseli za kati, si puani. Lishushe kwa daraja lile lile. Mwendo usibadilike kwa macho. Likikimbia, kipimo cha mota hakijakaa sawa, rudia. Likitikisika, rudi kwenye ile washa ya gia ya skrubu.

Stima ikipotea katikati ya haya yote, chomoa kontrola ukutani kabla haijarudi, kwa kuwa inaporudi huja na mruko wa nguvu.

La kwangu lilipanda jioni moja mjomba akiwa bado yupo. Lilichukua dakika moja na nusu kumaliza mita mbili za mlima, fito zikizunguka moja baada ya nyingine, bila mlio wa tik. Aliinama, akaweka sikio karibu na boila, akalifuata hadi juu.

“Sasa ongeza behewa moja,” akasema.